Simba mdogo kwenye fedha

Mwandishi mmoja anasema vikombe vya fedha vya mbio za farasi ni "mapambo ya matajiri tu". Hapana, ndugu yangu. Mwaka 1844 Tsar (mfalme) Nicholas I wa Urusi alikwenda Ascot, uwanja wa mbio za farasi huko Uingereza. Farasi aliyeshinda mbio za Gold Cup akaitwa The Emperor, yaani Mfalme, kwa heshima ya Tsar, na Tsar akajitolea kutoa kikombe kila mwaka. Kuanzia 1845 mbio hizo zikaitwa Emperor's Plate, yaani Zawadi ya Mfalme. Vita vya Crimea vilipowagombanisha Waingereza na Warusi, jina likafutwa! Zawadi gani hiyo isiyo siasa?

Ukitaka kununua chombo cha fedha cha Kiingereza, kigeuze kwanza utafute chapa inayothibitisha kuwa ni fedha halisi: simba, mguu mmoja juu, mdogo kama punje ya mtama. Mie niliuziwa birika lisilo na simba wala fedha.