IST na Brevis: spea ndiyo inayopanga bei

Ukizunguka yadi za magari Dar es Salaam utakutana na kitu ambacho mgeni hakimwingii akilini. Toyota Brevis, silinda 6, viti vipana kama sofa, linauzwa bei ya Toyota IST, kigari kidogo, na wakati mwingine chini yake. Kampuni ni moja na umri unakaribiana: Brevis ilitoka 2001, IST 2002. Muulize dalali sababu, atakujibu mafuta na spea. La mafuta halina ubishi. La spea lina ubishi mwingi, na ndilo nataka tulitazame.

IST ya kwanza ina injini ya 2NZ au 1NZ. Hiyo 1NZ iko pia kwenye Vitz, Platz, Funcargo, Raum na Probox, kwa hiyo ikifa sensa au pampu ya maji unatafuta kwenye ukoo mzima. Ndiyo maana watu hutania kwamba spea za IST ziko hadi kwa Mangi, pembeni ya sukari ya kupima. Brevis inatumia 1JZ-FSE au 2JZ-FSE, zile zinazoitwa D4, ambazo petroli inasukumwa kwa presha kubwa moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu ya presha ikifa, hakuna Vitz la kuazima. Wapo walioishia kung'oa injini nzima na kuweka ya VVT-i ya kawaida, isiyo ya D4.

Kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa, linasema usiguse gari ambalo spea zake huzioni madukani. Hoja yao nzito ni siku, hata kuliko pesa ya spea yenyewe. Dereva wa teksi mtandao anapeleka hesabu kwa mwenye gari. Gari likikaa juu ya mawe wiki mbili likisubiri kifaa kimoja, hesabu haiji, fundi anataka nafasi yake gerejini, na kila ukipita unakuta vumbi limeongezeka na redio imepungua.

Nao hawatii chumvi. Fundi akishafungua, anaifunga spea mbovu kwenye gazeti na kukuambia nenda Ilala na sampo. Pale mtaa wa Shaurimoyo kijana wa dukani anaigeuzageuza, anasoma namba zilizochongwa, anapotea vichochoroni na kurudi na nyingine yenye mafuta meusi. "Hii used, imetoka Japani, orijino. Mpya ya Kichina ipo pia, nusu bei." Hapo ndipo uhaba wenyewe ulipo. Vyuma vimejaa hadi barabarani, ila chuma unachoweza kukiamini ni kichache, na waranti ni ya mdomo: kafunge, ikigoma irudishe leo hii. Kesho hakujui.

Kundi la pili linawacheka hawa. Wanasema kama gari zuri linauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya woga wa spea, basi pesa uliyookoa ndiyo mfuko wako wa spea. Unachukua namba ya chesisi, unaagiza Japani au Dubai, mzigo unakuja kwa ndege. Mtu mwenye gari la pili nyumbani, anayetoka nalo Jumapili tu, kwa nini alipie ziada ili kuendesha gari ambalo kila kona lipo? Mimi hoja hii naiona ina akili kuliko inavyopewa heshima. Kasoro yake ni kwamba inategemea viwanda, usafiri na dola vikae sawa, na miaka ya karibuni vimegoma kwa zamu.

Mwaka 2021 ulikuwa darasa. Korona ilishavuruga uzalishaji wa chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki ambavyo gari jipya halikamiliki bila hivyo, kisha Machi kiwanda cha chipu cha Renesas kule Naka, Japani, kikaungua. Siku nne baadaye meli ya Ever Given ikaziba mfereji wa Suez. Kufikia Agosti, Toyota ikatangaza kwamba Septemba itapunguza uzalishaji wake duniani kwa asilimia 40. Kule Marekani bei za magari yaliyotumika mwezi Juni zilikuwa zimepanda kwa takribani asilimia 45 ndani ya mwaka mmoja. Sisi chipu za magari mapya zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana, maana Mjapani asipopata gari jipya hauzi la zamani, na asipouza, mnadani hakuna kitu. Yadi zetu zinakula mabaki ya meza ile.

Kisha ikaja dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600, na kuipata benki ilikuwa kazi. Mwenye duka la spea anayenunua Guangzhou au Dubai alianza kuleta vile tu vinavyotoka haraka: breki, filta, bushi, shokapu za magari maarufu. Vya magari adimu aliviacha. Kwa hiyo uhaba haukuwapiga wote sawa. Wa IST aliona bei imepanda, wa Brevis hakuona kitu chenyewe.

Sokoni matokeo yake yana sura mbili, na hapo ndipo watu wanapobishana bila kusikilizana. Wenye yadi wanasema uhaba unapandisha bei ya magari, na kweli, gari zima lenye spea za kumwaga linashika bei hata likiwa na namba ya zamani. Anayeuza gari lake mwenyewe atakwambia uhaba unaua bei, na naye hasemi uongo. Taa moja iliyopasuka inamkatisha zaidi ya bei ya taa, kwa sababu mnunuzi anakata na usumbufu wa kuitafuta. Bovu likivuka mstari fulani, linakuwa na thamani zaidi vipandevipande kuliko likiwa gari.

Na vipande vikiwa na bei, vinaibwa. Tazama gari lolote lililoegeshwa Kariakoo: namba ya usajili imechorwa kwenye vioo vya pembeni, kwenye taa, hata kwenye vioo vya milango. Zamani nilidhani ni urembo.

Wakenya wana jambo lao la kusubiri. Sheria yao hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo ifikapo 2028 gari la zamani kabisa watakaloruhusiwa litakuwa la 2021, mwaka uleule ambao viwanda vilikosa chipu. Magari ambayo hayakutengenezwa hayawezi kuja Mombasa kama mitumba. Kwetu hatuna ukomo wa namna hiyo, tunapandishiwa tu ushuru kadiri gari linavyozeeka.

Nikiulizwa, nasema anayeingiza riziki kwa gari afuate kundi la kwanza bila kubishana na mtu. Mwingine yeyote, kabla ya kulipa, apige simu maduka mawili Ilala na kuuliza bei ya taa ya mbele, shokapu, gia boksi na pampu ya mafuta ya gari lile. Wakikujibu papo hapo, endelea. Wakisema "tuma sampo", rudi kwa muuzaji mkaongee bei upya.

Mtaani kwetu kuna Brevis nyeupe juu ya mawe, matairi yalishauzwa. Mwenyewe bado anataja bei ya gari zima. Wanaokuja kuiona wanauliza milango tu, na ile taa ya kushoto.