Bunduki Iliyoko Nyumbani

Kila watu wengi wanapouawa kwa risasi nchini Marekani, mabishano hurejea palepale: upande mmoja hutaka bunduki za mtindo wa kijeshi zipigwe marufuku, na wa pili hujibu kwamba mhalifu haombi leseni. Wote humfikiria muuaji. Lakini kati ya vifo zaidi ya 48,000 vilivyosababishwa na bunduki nchini humo mwaka 2021, zaidi ya nusu vilikuwa vya watu waliojiua.

Wanaotetea umiliki hutegemea Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791, yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha, pamoja na hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2008 iliyotambua haki ya raia kuweka bastola nyumbani ili ajilinde. Kwa anayeishi mbali na polisi, hoja hiyo haipuuziki. Wanaotaka udhibiti hutaja Australia, ambako baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996 serikali ilinunua na kuharibu silaha zipatazo 650,000. Vifo vya bunduki vilipungua. Ila vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya hapo, na ndiyo maana wataalamu hawajaafikiana ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na sheria.

Husemwa pia kwamba aliyekusudia kujiua atapata njia nyingine. Hapa watetezi wa umiliki wanateleza, kwani msukumo wa kujiua mara nyingi ni wa muda mfupi, na bunduki haitoi nafasi ya kujuta. Jeshi la Israeli lilipowazuia askari kwenda na silaha nyumbani mwishoni mwa wiki, mwaka 2006, idadi ya askari waliojiua ilishuka kwa takriban asilimia 40. (Askari hutii amri, raia hujadili, mfano huo una mipaka yake.)

Kwa maoni yangu, kufungia silaha kabatini kuna uzito kuliko marufuku ya aina fulani ya bunduki, na hata kuliko sharti la mnunuzi kusubiri siku kadhaa, ambalo halimgusi aliyekwisha kununua na linaweza kumchelewesha mwanamke anayetishiwa maisha na mumewe. Wapinzani husema kufuli humchelewesha mwenye nyumba mwizi anapoingia, na ni kweli. Lakini kufuli hilohilo humchelewesha pia kijana wa nyumba hiyo aliyekata tamaa.