Kiwango cha noti ndogo

Katika Lubumbashi yote hakuna masikini asiyeaminiwa kama mimi. Masikini wengine wakisema hawana kitu, watu wanawaonea huruma. Mimi nikisema sina kitu, mtu ananitazama, anaitazama meza yangu, halafu anacheka mpaka anajifuta machozi.

Kazi yangu ni kambisti, mchenji wa dola na franka za Kongo. Nakaa chini ya mwavuli, pembeni ya barabara, si mbali na soko la Kenya. (Ndugu wa Nairobi, tulieni. Kenya hii ni komini yetu, sehemu ya mji, ina bukari yake, yaani ugali, na vumbi lake, haidaiani na nyinyi chochote.) Juu ya meza makuta, yaani pesa, yamepangwa kama matofali ya mtu anayejenga: noti za franka 500 huku, za 1,000 pale, za 10,000 karibu na tumbo langu, kila tofali limefungwa kwa lastiki. Shemeji akipita akaona ule ukuta, anakwenda moja kwa moja kwa mama mkwe: "Yule mwanaume anatunyima tu. Makuta anayo, nimeyaona kwa macho."

Makuta si yangu! Ni ya bosi. Asubuhi ananihesabia, jioni ananihesabia tena, na akihesabu analamba kidole polepole huku ananitazama usoni, kama hakimu anayetafuta ukurasa. Mimi nabakiza kitu kidogo juu ya kila dola 100. Siku nzuri kinatosha unga, makala (mkaa wa kupikia) na basi la kurudi nyumbani. Siku mbaya nashiba harufu ya noti. Na noti za 500 zina harufu, msione: samaki, jasho, mawese, na joto la kifua cha mama aliyezitunza humo tangu Jumapili.

Sasa niwape siri ya kazi. Ukija na noti ya dola 100, safi, naondoka kwenye kiti nakupisha. "Karibu, patro!" Yaani tajiri. Kiwango chako ni kile cha juu. Ukija na 20, kiwango kinashuka kidogo, na kiti nabaki nacho. Ukija na 5, kinashuka tena. Ukija na dola moja, nakuuliza kama umepotea njia. Dola moja imechapwa Marekani kule kule, ina rangi ile ile, lakini kwetu dola 100 za moja moja hazifiki dola 100 za noti moja. Bosi anataka noti kubwa kwa sababu wafanyabiashara wanaokwenda kununua mali Dubai na Uchina wanataka noti kubwa; hakuna anayepanda ndege na gunia la moja moja. Basi huko juu wamepatana, na mimi huku chini ndiye ninayemtangazia mama muuza ndizi kwamba dola yake ni fupi kuliko dola za wenzake.

Halafu kuna mambo ya kuchanika. Franka inaweza kuja imeungwa kwa gundi mara tatu, sura haijulikani kama ni ya mnyama au ya jengo, inapokelewa. Dola ikiwa na mpasuko wa urefu wa kucha ya mtoto mchanga, imekufa. Naiinua kwenye jua, naipapasa pembe zote nne, nanyamaza, natikisa kichwa kama daktari. Mama ananiuliza, "Inapona?" Namjibu: "Itapona, lakini tutaikata kidogo."

Mwalimu mmoja wa karteri yetu, mtaa wetu, hupenda kungojea mshahara wake chini ya mwavuli wangu. Mshahara haupiti pale, lakini kivuli kipo. Juzi alikuwa na simu, akanisomea kwa sauti ya darasani: Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 asilimia 73.5 ya Wakongo waliishi chini ya dola 2 na senti 15 kwa siku.

"Mwalimu, katika watu 100, hao 73 nimewaelewa. Huyo nusu ni nani?"

"Ni hesabu tu, Papa Plamedi."

"Hapana. Huyo nusu ni mimi. Mchana sili, jioni nakula."

Nikamuuliza tena: hizo dola mbili ni za noti gani? Maana kama ni za moja moja, hapa hakuna anayezigusa. Na senti 15 nani atazichenji, wakati kwetu sarafu ya chuma mtoto akiiona anaipeleka shuleni kama mabaki ya kale? Mwalimu akavua miwani, akanieleza kwamba hiyo si dola ya mezani kwangu, ni dola ya hesabu. Wataalamu wamekwisha kulinganisha bei za nchi na nchi, ili dola ya huku inunue sawa na ya kule.

Nikafikiri kidogo. "Walilinganisha na bei ya gunia au na bei ya sashe, kapakiti kadogo?"

Mwalimu akarudisha miwani. Hakujibu mpaka leo.

Maana nyumbani kwangu gunia tunaliona likipita kichwani kwa mtu. Sisi ni watu wa sashe. Unga tunanunua kwa meka, kile kipimo cha bakuli, na mwisho wa mwezi kwa nusu ya meka. Makala ni kasashe ka usiku mmoja, mafuta ni fundo la plastiki linalotosha kulainisha sufuria na kuiacha na hamu. Hata sabuni inakatwa vipande kama mkate wa komunyo. Siku moja nilichukua kalamu, mimi mtu wa hesabu, nikajumlisha sashe zote za makala za mwezi mzima. Makala yake yangejaa gunia moja tu. Makuta tuliyotoa yangenunua karibu magunia mawili. Nikakaa kimya muda mrefu. Yule patro wa mtaa wa Golf mwenye magari mawili ya jipu analipa makala ya nyama choma yake kwa bei ndogo kuliko mimi ninayechemsha sombe, majani ya muhogo! Nikamwita Mama Plamedi, nikamwambia: kuanzia leo sisi pia ni watu wa gunia.

Tulifunga mikanda majuma matatu. Tulikula mapema ili tulale mapema, tukalala mapema ili njaa isitukute macho. Hatimaye nikaleta nyumbani mfuko wa unga wa kilo 25, begani, mchana kweupe. Hapo ndipo nilipokosea. Mfuko wa unga unatakiwa kuingia usiku, kama mwizi.

Kabla sijautua, jirani wa kwanza alikuwa mlangoni na bakuli. Kikombe kimoja tu, mtoto anaumwa. Utasema hapana? Juma lililopita makala yetu yalipokwisha ni yeye aliyetupa moto. Wa pili alikuja kudai unga ambao Mama Plamedi alikuwa amekopa tangu mvua zilizopita, na ambao mimi sikuwahi kuusikia. Wa tatu hakuja na bakuli, alikuja na watoto wanne, wakakaa, wakatoa pole za msiba wa zamani. Jumapili shemeji akafika: "Tulijua tu makuta yapo." Usiku panya nao wakafanya mkutano wao. Kilo 25 zilizopaswa kutufikisha mwisho wa mwezi zilimaliza siku tisa. Siku ya kumi Mama Plamedi alirudi sokoni na kabakuli kake, anatembea kwa amani, kama mtu aliyepona homa. "Meka," akaniambia, "haina wageni."

Jirani yangu ni sentineli, mlinzi wa nyumba, huko huko Golf. Mwaka 2025 serikali ilipandisha mshahara wa chini kutoka franka 7,075 kwa siku hadi 14,500. Akampelekea patro wake habari kwa furaha. Patro akamjibu kwamba ndiyo, hata yeye aliisikia redioni.

Lakini kisa cha mwaka ule kilikuwa dola kuanguka. Miaka yote tumezoea dola inapanda. Inapanda, kila kitu kinapanda nayo. Mwezi wa 9 kwenda wa 10 mwaka 2025, franka ikaamka kama mgonjwa aliyekwisha kuagwa. Dola iliyokuwa ikikaribia franka 2,900 ikateremka, ikapita chini ya 2,500, tukitazama. Watu wakacheza barabarani: sasa bei zitashuka!

Nikaenda dukani. Muuza unga akaniambia unga huu uliingia kwa dola ya zamani. Nikarudi baada ya mwezi. Bado ulikuwa wa dola ya zamani. Unga gani huo usiokwisha, na wangu ulikwisha siku tisa?

Mwenye nyumba, bayeri wetu, ndiye aliyenivunja mbavu. Dola ilipokuwa inapanda, nikimpelekea franka alikuwa ananirudisha: "Papa Plamedi, nyumba hii ni ya dola." Dola ilipoanguka nikampelekea dola, nimezifunga kwa bahasha. Akazitazama kama nimemletea samaki wa jana. "Tuko Kongo, Papa Plamedi. Tuheshimu pesa ya nchi. Lipa franka, kwa kiwango kile tulichozoea." Yaani 2,800. Kambisti mzima, miaka kumi na moja chini ya mwavuli, naibiwa kiwango sebuleni na mtu aliyevaa kandambili! Na bosi naye, aliyenunua dola nyingi zikiwa juu, alihitaji mtu wa kugawana naye hasara. Faida hatukuwahi kugawana, lakini ile siku aliniita "ndugu".

Mwalimu anasema mji huu ni tajiri. Ananionyesha malori ya barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia: lori moja linabeba kama tani 30 za shaba, na tani moja imekwisha kupita dola 10,000. Laki tatu za dola, zimefunikwa turubai, zinapita zikitupigia honi tutoke njiani. Nina hakika huko zinakokwenda hakuna anayeziinua kwenye jua kutafuta mpasuko.

Basi juzi, Alhamisi, jua limesimama, bosi yuko nyuma yangu anakunywa maji. Plamedi akaja mbio kutoka nyumbani na noti imekunjwa kiganjani. Mama yake amepata zamu yake ya likelemba, mchezo wa upatu, wamemlipa franka na noti moja ya dola 5. "Mama anasema uchenji, anangojea kununua samaki wa tomsoni."

Sijui niwaeleze vipi. Mikono ilifanya yenyewe. Niliifungua, nikaiinua juani, nikapapasa pembe. Pembe moja imechanika. Nikatikisa kichwa. Nikahesabu franka kwa kiwango cha noti ndogo, nikatoa na za mpasuko, nikafunga kwa lastiki, nikamwambia mwanangu wa kuzaa: "Nani anafuata?"

Jioni nilirudi na njaa ya siku mbili. Mama Plamedi akaniwekea maji ya kunawa, akaniwekea sahani kwa heshima zote. Katikati ya sahani palikuwa na bukari kama ngumi ya mtoto, na upande mmoja umemegwa.

"Mama Plamedi, hii ni nini?"

"Bukari."

"Mbona ndogo?"

"Kubwa ni ya wanaoleta noti ya mia moja."

"Na hapa pembeni?"

"Ilikuwa imechanika," akasema. "Nimeikata kidogo."

Nikanawa, nikala, haikuchukua muda. Nikamwomba angalau sombe anihesabie kwa kiwango cha juu. Akafunika sufuria.

"Pita kesho asubuhi, Papa Plamedi. Kiwango kinaweza kubadilika."