Kalavati Moja Halitoshi

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye tuta jipya la barabara ya vijijini inayokatiza kinamasi, kusini mwa Moshi, nikawatazama watoto wakiokota kambale kwa mikono katika kidimbwi kisichofika magotini. Samaki wale hawakuvuliwa, waliishiwa maji. Upande wa pili wa tuta maji yalikuwa yamejaa hadi yakaanza kula kifusi, kwa sababu kalavati pekee, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lililowekwa pale limekaa juu kuliko sakafu ya kinamasi.

Barabara tunaihitaji, na sitabishana na mtu aliyewahi kumpeleka mjamzito hospitalini kwa bodaboda wakati wa masika. Ninachokikataa ni kukiona kinamasi kama shimo la kujazwa. Kinamasi ni maji yanayotembea polepole, na tuta lisilo na matundu ya kutosha huyasimamisha: upande wa chini matete hukauka, upande wa juu huzama, na ndege fundichuma aliyezoea kuvizia vyura kwenye maji ya kina kifupi hukosa chakula pande zote mbili. Kambale nao, mvua za kwanza zinaponyesha, hupanda kwenye nyasi zilizofurika ili watage. Wakikuta mdomo wa kalavati unaning'inia juu ya maji, safari yao huishia hapo. Makalavati yawe mengi, yawe mapana, na yazamishwe kiasi cha kuliruhusu tope la kinamasi liingie ndani yake. Na kifusi kimwagwe wakati wa kiangazi, si katikati ya msimu wa kutaga.

Gharama itapanda, nakubali, ingawa tuta lile limeanza kumeguka kabla ya lami kufika, na kulijenga upya si bure.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari zitathminiwe kabla ya mradi kuanza. Tunamkumbuka pia chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya milima ya Udzungwa na si kwingineko duniani: bwawa la umeme lilipunguza maji yake, ugonjwa wa fangasi ukamshambulia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalia kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa. Viumbe wa kinamasi chetu hakuna aliyewatunza popote.

Kalavati lile linaweza kushushwa mwezi huu huu, kwa mtambo wa kijiko ambao bado umeegeshwa kando ya kidimbwi.