Jina la Russell Group si kipimo cha ufundishaji

Kuna mwandishi mmoja anayedai kwamba mwanafunzi akishapata nafasi katika chuo kikuu cha Russell Group nchini Uingereza, basi amehakikishiwa kufundishwa vizuri kuliko wenzake. Dai hilo mimi silikubali. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1994 na vyuo vikuu 17 vinavyojikita katika utafiti, likapewa jina la hoteli ya jijini London ambamo wakuu wa vyuo hivyo walikuwa wakikutana, na hata leo lina wanachama 24 tu, huku St Andrews, chuo kilichoanzishwa mwaka 1413, kikiwa nje yake. Nilisomea shahada ya uzamili katika kimojawapo cha hivyo 24, na msimamizi wangu nilimwona mara tatu tu hadi siku ya kukabidhi tasnifu, ilhali mwenzangu niliyechangia naye jiko, aliyesoma katika chuo cha ufundi kilichopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 1992, alirudishiwa kila insha ikiwa imejaa masahihisho pembeni. Je, waajiri wa huku nyumbani huliulizia jina hilo kweli, au ni sisi wazazi na wanafunzi tunaolikuza?