Timu ilihama, saa ikabaki

Wadau, mi naishi Syracuse, jimbo la New York, huu mwaka wa nane. Baridi ya huku acha tu, ila Kiswahili hukikosi, Wakongo na Warundi wapo wengi. Sasa mjini, sehemu inaitwa Armory Square, kuna saa imesimikwa pale inahesabu kuanzia 24 mpaka sifuri halafu inaanza tena. Nimeipita miaka miwili bila kujua ni ya nini, mpaka mzee mmoja wa hukuhuku tunayefanya naye kazi akanihadithia, na tangu siku hiyo nikipita pale lazima nisimame.

Kumbe mji huu ulikuwa na timu yake kwenye NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Syracuse Nationals. Mwenye timu alikuwa Danny Biasone, mzaliwa wa Italia aliyeletwa Marekani akiwa mtoto, biashara yake ukumbi wa boling, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini. Enzi hizo timu ikishaongoza inakumbatia mpira tu, mwaka 1950 mechi moja iliisha 19 kwa 18, watu wamelipa kiingilio kuangalia wanaume wanapasiana! Biasone na wenzake wakapiga hesabu: mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880, mechi tamu inakuwa na mitupo kama 120 kwa timu zote mbili, gawanya unapata 24, basi timu ikishika mpira iwe na sekunde 24 tu za kuurusha kikapuni. Wakaijaribu Agosti 1954 kwenye shule moja hapahapa mjini, na msimu ukaanza nayo.

Na msimu huohuo wa 1954-55 Nationals wakabeba kombe! Walishinda mechi 43 wakapoteza 29, fainali wakakutana na Fort Wayne Pistons ikafika 3-3. Mechi ya saba, Aprili 10, 1955, nyumbani, wameachwa pointi 17 wakazirudisha zote, mwishoni George King akaweka fri throo moja, ule mtupo wa bure wa pointi moja, halafu akawanyang'anya mpira, 92 kwa 91. Kikosini walikuwemo Earl Lloyd na Jim Tucker, weusi wa kwanza kubeba ubingwa wa NBA. Mzee ananihadithia hilo huku ananigonga kifuani na kidole, kama vile anasema hii ni yako pia.

Halafu 1963 timu ikauzwa, ikapelekwa Philadelphia, jina likabadilishwa, ndo hao 76ers wa leo. Basi, imeisha hivyo! Hapo ndo mi nashindwa kuwaelewa hawa watu. Yanga ipo tangu 1935, Simba 1936, hebu atokee tajiri aseme kuanzia msimu ujao Yanga inahamia mji mwingine na jina jipya, Jangwani pangekalika siku hiyo? Kwetu timu ni ya watu, mwenye hela anakuja na kuondoka, timu inabaki na wenyewe. Kwa hili nyumbani tuko mbele, sibadilishi kauli.

Ila kinachoniuma ni kwamba hawa timu imeondoka miaka sitini iliyopita na bado wana tarehe, matokeo, nani alifunga ngapi. Mjomba wangu alicheza kikapu Dar miaka ya themanini, timu ya kazini kwao, singlendi yake ipo mpaka leo kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda, namba 11 imebanduka nusu. Nikimpigia simu kuuliza fainali waliyocheza iliishaje ananiambia tulishinda, ngapi kwa ngapi hakumbuki, na hakuna mtu wala daftari la kumuuliza. Nimeanza kumrekodi kila Jumapili, majina ya wenzake yameshafika saba.

Jumamosi nilimpeleka mwanangu kwenye ile saa, theluji mpaka kwenye vifundo, nikamwambia ihesabu kwa Kiswahili. Akaanza ishirini na nne, ishirini na tatu, saa ikamwacha, maneno marefu, akakaza hivyohivyo mpaka namba zilipokuwa fupi akaikuta kwenye tano.