Waacheni manesi wa njiti wodini kwao

Wiki hii nimeziona tena zile picha. Utepe, mkasi, viongozi wamejipanga, na inkubeta mpya bado imevaa nailoni. Chini yake maneno kwamba sasa watoto njiti wa mkoa wetu, hawa wanaozaliwa kabla ya wakati, wako salama. Kumbe ilikuwa imebaki nailoni tu!

Mashine zinahitajika, msinijie juu. Mtoto anayeguna kila akitoa pumzi hatibiwi kwa maombi peke yake. Lakini mashine haijui ianze na nani.

Wifi yangu alijifungulia njiti hapa Dodoma mwezi wa saba, na baridi ya hapa mwezi huo wenyeji mnaijua, upepo unapenya hata dirisha likifungwa. Mtoto alikuwa na gramu 1,400. Bibi yake akaja na mablanketi ya kufungulia duka. Sista wa zamu ya usiku, mama wa makamo, akamwambia taratibu, "Bibi, hebu mshike mguu. Haya, sasa tumbo." Tumbo lina joto, mguu wa baridi. "Ameshaanza kupoa huyu." Akamvua, akamwachia kofia, soksi na nepi, akamlaza kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, kisha akawafunga kanga. Bibi alinung'unika mpaka alfajiri.

Halafu akahesabu pumzi, dakika nzima, macho kifuani na saa mkononi. Njiti hupumua harakaharaka, akatulia kidogo, akaanza tena; ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili umejidanganya. Zikifika 60 kuna jambo. Akinyamaza sekunde 20, kimbia. Akamtoboa kisigino kupima sukari, maana mtoto aliyepoa huimaliza akitafuta joto. Akalipapasa tumbo kama limevimba kabla ya kupitisha maziwa kwenye mpira wa kumlishia. Wodi imejaa, naye yuko peke yake.

Tuliporudi kliniki kupima uzito, tukamuulizia. Kahamishiwa wodi ya mifupa. Mzunguko wa manesi kati ya wodi, tukaambiwa. Mifupa! Jicho lililonolewa miaka yote hiyo sasa linakagua plasta za bodaboda. Sina ugomvi na bodaboda, ila aliyevunjika mguu atapiga kelele nesi asikie. Kichanga wa gramu 1,400 akizidiwa ananyamaza, na asiyemzoea atasema amelala vizuri. Aliyewekwa badala yake ni binti mwenye bidii, hana kosa lolote, anaanza moja. Akishajua kuutofautisha usingizi na kuzidiwa, naye zamu yake ya mzunguko itafika.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Vya vichanga? Kutoka 25 hadi 24 kwa kila 1,000. Hapo sikusikia vigelegele. Na si kwamba dawa haijulikani: jaribio lililochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwemo, lilionyesha kuwa kuwaanzisha kangaruu, yaani kulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8, bila kusubiri watulie kwanza, kulipunguza vifo kwa robo. Ila mtoto ambaye hajatulia yuko kifuani kwa mama yake usiku wa manane, nani anamtazama?

Manesi waliohitimu wako mtaani wanauza vocha, hilo tuliache. Na likizo ndefu ya mama wa njiti ni jambo jema, kwa wenye mwajiri. Mama wa kijijini Bahi, hapa hapa Dodoma, mwenye shamba la mtama atamwomba nani?

Nimemuuliza jamaa mmoja anayehusika na kupanga zamu, kwa nini waliofunzwa vichanga wasibaki huko. Akanijibu kwamba wodi nyingine zitalalamika.

Zilalamike.